Mfuko Usiojua Korona

Shemeji yangu Urbanus alistaafu mara moja tu maishani, lakini alitutangazia mara kumi na moja. Alitangaza kanisani, akatangaza kwenye kikundi cha WhatsApp cha Wakamba wa Sydney, akamtangazia daktari wake wa meno, na siku moja nilimkuta katika duka la Mhabeshi karibu na stesheni ya Blacktown akimweleza muuza unga kwamba yeye sasa ni mwekezaji. Muuza unga alimuuliza kama anataka kilo tano au kumi.

Namwita shemeji ingawa hatuna undugu wowote. Yeye ni Mkamba wa Machakos, mimi ni Leokadia, Mhaya wa Bukoba, na kilichotukutanisha ni mkewe, Rhoda, ambaye nimefanya naye kazi miaka tisa katika nyumba moja ya kulelea wazee hapa magharibi mwa Sydney. Rhoda ni dada yangu kwa sababu tumebeba wazee pamoja, yeye mabega, mimi miguu. Ukishabeba na mtu bibi wa kilo tisini anayekutukana kwa Kigiriki, huyo ni ndugu yako wa damu.

Urbanus mwenyewe alikuwa msafishaji wa maofisi katikati ya jiji. Miaka kumi na tano alifuta meza za watu wa mabenki, na nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipomwingia. Mtu akifuta meza ya tajiri muda mrefu huanza kudhani kwamba utajiri ni suala la kukaa upande wa pili wa meza.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2019 akatimiza miaka sitini. Sasa, sheria ya hapa ni kwamba mwajiri anakukatia akiba ya kustaafu, wenyewe wanaiita super, na huigusi mpaka uzeeke. Ukifika sitini na ukaacha kazi, unaichukua yote, bila kodi ya mapato hata senti. Serikali hii, inayokutoza faini ukitupa taka kwenye pipa lenye kifuniko cha rangi isiyo yake, ikifika siku hiyo inakukabidhi jasho la maisha yako yote na kukutakia heri. Urbanus alikuwa na dola laki moja na nusu.

Jambo la kwanza alilofanya ni kutoa fungu la kumi. Elfu kumi na tano, kwa mkupuo. Mchungaji wetu, Pasta Ishmael, ambaye siku za wiki huendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani na Jumapili hutuendesha sisi, aliipokea kwa mikono miwili na akatangaza kwamba tutanunua viti. Vilinunuliwa viti mia mbili, vyenye mto, rangi ya damu ya mzee. Waumini tulikuwa themanini; siku ya Pasaka, na wale wa Bankstown wakija, mia moja na kumi. Pasta alisema hivyo ni viti vya imani. Na kwa kuwa tulikuwa tunapangisha ukumbi wa shule usio na stoo, ilibidi viti vya imani vikae katika gereji ya Urbanus, na gari la Urbanus likae barabarani.

Zile elfu mia moja thelathini na tano zilizobaki aliziingiza zote katika Mfuko. Jina lake halisi lilikuwa refu na la Kiingereza, lakini yeye alisema Mfuko tu, kama vile dunia nzima ilikuwa na mmoja. Aliuona kwenye video ya mzee mmoja wa Queensland mwenye mashua na meno meupe mno, aliyesema kwamba hajafanya kazi tangu ana miaka hamsini na tano kwa sababu Mfuko unamlipa mshahara kila mwezi. Asilimia kumi na mbili kwa mwaka. Urbanus akapiga hesabu: dola elfu moja mia tatu na hamsini kila mwezi, tarehe kumi na sita, mpaka Yesu arudi.

Nilimuuliza Mfuko unafanyaje kazi. Akaniambia kwamba Mfuko una hisa za mabenki makubwa na migodi, kisha kila mwezi unauza ahadi juu ya hizo hisa, na pesa ya zile ahadi wanagawana. Nikamuuliza ahadi za nini. Akasema hayo ni mambo ya kitaalamu. Nikamuuliza hisa zenyewe zikishuka bei je. Hapo akanitazama kwa huruma. Alisema mkulima halali akiwaza bei ya shamba, mkulima anatazama mavuno, na kwamba yeye ameapa hataangalia bei ya Mfuko hata siku moja, ataangalia kinachoingia tu. Mimi ni mtoto wa mkulima, na baba yangu alijua bei ya shamba lake na la jirani pia.

Aliununua wiki ya pili ya Februari, mwaka 2020. Wenye kujua masoko watakuwa wameshaanza kucheka.

Na katika mambo yote haya, Rhoda aliahidiwa nini? Aliahidiwa kukaa chini. Naomba msomaji asilisahau hilo, maana Urbanus alilisahau mara nyingi. Rhoda alikuwa na miaka hamsini na minane na goti la kulia ambalo daktari alishaliangalia kwenye picha akaguna. Kila asubuhi alilifunga bandeji, akavaa blauzi ya kijani ya kazini, akaja kusimama kwa saa nane au kumi na mbili. Urbanus alimwambia: Mfuko ukishashika kasi, wewe unaacha kazi. Krismasi. Rhoda akanieleza tukiwa tunakunja mashuka, na nilimwona akitabasamu peke yake hadi shuka la mwisho.

Kisha Korona ikaja. Viti mia mbili vilifika Jumanne. Jumatatu iliyofuata makanisa yakafungwa.

Nyie mnakumbuka ilivyokuwa. Watu wa hoteli waliachishwa kazi siku moja, wanafunzi wa Kitanzania wakawa wanapika wali mmoja watu sita, nusu ya kanisa letu ikawa haina mshahara. Ibada zikahamia kwenye simu. Na kila mwezi, Jumapili ya kwanza baada ya tarehe kumi na sita, Urbanus alijitokeza kwenye kile kidirisha chake, koti na tai juu, kaptura chini (nilikuwa najua, Rhoda aliniambia), akaomba nafasi ya ushuhuda.

"Wapendwa," alikuwa akisema, "dunia imefungwa, lakini Mfuko haujui Korona."

Watu wakaandika amina. Mwezi wa nne uliingia, wa tano ukaingia, wa sita ukaingia. Elfu moja mia tatu na hamsini, haikupungua hata nusu dola. Na kila tarehe kumi na saba alimtumia mweka hazina wa kanisa fungu la kumi la mavuno, mia moja thelathini na tano, na kwenye nafasi ya maelezo aliandika neno moja: Mfuko. Pasta akaanza kumtaja kwenye mahubiri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu mgema wetu alisifiwa mpaka akafungua darasa. Alhamisi jioni, kwenye simu, Urbanus alifundisha Wakenya na Watanzania uwekezaji. Mtu aliyeapa kutoangalia bei.

Nami niseme ukweli, kwa sababu nimejipa kazi ya kusema ya wengine. Mwezi wa nane nilimwomba jina kamili la Mfuko, kwa sauti ndogo, nikaweka elfu tano. Sikumwambia mtu. Tarehe kumi na sita ikaingia hamsini yangu, na nilifurahi kama nimeokota, nikamtania Rhoda kazini kwamba mumeo tajiri, wewe unangoja nini kwenye hii mikojo?

"Amesema Krismasi," alijibu.

Krismasi ikafika, ikawa Pasaka. Pasaka ikafika, na Urbanus akaja na mpango kamili. Pesa ya Mfuko, alisema, haikutosha hata kodi ya nyumba, na hiyo haikuwa kasoro ya Mfuko bali ya mtaji. Mtaji ulikuwa mdogo. Lakini mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021 Rhoda angetimiza sitini, na Rhoda naye alikuwa na akiba yake, elfu mia moja na kumi. Hiyo nayo ingeingia kwenye Mfuko, mavuno yangekuwa karibu mara mbili, na hapo sasa mama atakaa chini. Alishajaza fomu yote kwa mkono wake, kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa. Ilibaki sahihi. Akaibandika kwenye mlango wa friji chini ya sumaku ya nanasi, ili mkewe aione kila akichukua maziwa.

Rhoda aliniambia habari ya fomu, nikamuuliza anaonaje. Akasema yeye hajui mambo ya pesa, anajua goti lake.

Kisha ikaja ile kufungiwa ya pili, ya katikati ya 2021, ambayo matajiri wa mitaa ya ufukweni waliisikia kwenye habari na sisi wa Blacktown tuliiishi. Huruhusiwi kupita kilomita tano. Helikopta juu, askari barabarani, na sisi wa kazi za kulea tulipewa karatasi ya ruhusa. Kazini tulivaa gauni la plastiki, barakoa mbili, kioo cha uso. Wazee watatu walitutoka mwezi mmoja. Rhoda ndiye aliyekuwa akiwashikia simu ili watoto wao waage, kwa sababu mkono wake hautetemeki, na kwa mmoja wao alisimama dakika arobaini kwa goti lile, binti wa mzee huyo, aliyekuwa Adelaide, akimwimbia mama yake nyimbo kwenye simu. Alipotoka chumbani alienda kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu viti vya chumba cha mapumziko viliondolewa tusikaribiane.

Nyumbani kulikuwa na viti mia mbili.

Mwekezaji wakati huo alikuwa anajifunza kuoka mikate. Alitutumia picha kwenye kikundi. Mikate yenyewe ilikuwa mizuri, siwezi kumsingizia.

Oktoba walipotufungulia, tukaruhusiwa kutembeleana, Jerotich alikuja. Huyu ndiye mweka hazina wetu, binti wa Eldoret mwenye miaka thelathini na kitu, na siku za kazi yuko katika ofisi ya washauri wa kodi huko Parramatta. Yeye huwajazia watu wa kanisa fomu zao za kodi za mwaka kwa bei ya chai. Ilikuwa Jumamosi mchana, nami nilikuwepo kwa sababu nilimrudisha Rhoda kutoka shifti. Rhoda alikuwa bado na blauzi ya kijani, mguu ameunyoosha chini ya meza. Urbanus alikuwa na furaha. Alikuwa amemletea Jerotich karatasi ya mwaka ya Mfuko na alishaiona sehemu nzuri: katika elfu kumi na sita na mia mbili alizopokea mwaka huo, elfu kumi hazikuwa na kodi ya mapato kabisa. Alitaka Jerotich amsomee hapo kwa sauti, sisi tusikie jinsi Mungu anavyomficha mtu wake mbele ya mtoza ushuru.

Jerotich alisoma kimya. Akageuza karatasi, akarudi, akafungua simu yake akatafuta kitu.

"Mzee," alisema, "hujawahi kuangalia bei?"

Urbanus akamweleza habari ya mkulima na mavuno.

"Sawa. Wewe unajua ng'ombe?"

"Najua mbuzi," alisema Urbanus. "Lakini endelea."

"Let's say ni ng'ombe. Una ng'ombe wako. Kila mwezi jirani anakuja anakupa pesa kidogo kwa mkono, na mnaandikiana: ng'ombe akinenepa, jirani ndiye anachukua ile faida. Akikonda, ni wako, kaa naye. Hizo ndizo ahadi zinauzwa. Sasa March mwaka jana ng'ombe wote walikonda, hata wako. Halafu wa watu wengine wakaanza kunona tena. Wako kila akinona kidogo, jirani anabeba hiyo nyama, ni yake, mliandikiana. Ndiyo maana soko limerudi juu na yako imebaki huku chini."

"Lakini pesa inaingia," Urbanus alisema. "Kila mwezi. Haijawahi kukosa."

"Inaingia, yes. Lakini ile ya jirani haifiki elfu moja mia tatu na hamsini, Mzee. Hata nusu haifiki. Na wao walishaahidi watu hiyo amount. So inayobaki wanakata paja la ng'ombe wako, wanakuletea kwa sahani. Ona hapa, return of capital, ni mtaji wako unarudishiwa. Ndiyo maana haina tax. Serikali haiwezi kukutoza kwa kula nyama yako mwenyewe."

Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini. Zile hamsini zangu za kila mwezi zilinipita kichwani moja baada ya nyingine. Kwetu wanasema nyama ya nguruwe hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimelipia na sufuria.

Jerotich aliendelea kwa upole. Alisema Mfuko si wezi, kila kitu kimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kile kitabu chao, ni watu tu hawasomi. Alisema zile elfu mia moja thelathini na tano sasa zina thamani ya elfu tisini na nne na kitu. Nilimtazama shemeji yangu nikingoja azimie, au aulize zimekwenda wapi, au amgeukie mkewe. Hakufanya hata kimoja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu nyingine kabisa.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mimi nimekuwa nikitoa fungu la kumi la paja langu mwenyewe?"

Jerotich alitazama meza. Yeye ndiye aliyekuwa akizipokea zile mia moja thelathini na tano za kila mwezi, mara ishirini sasa.

"Ndiyo, Mzee. Na huyo ng'ombe ulishamtolea fungu la kumi akiwa mzima."

Naapa sikucheka. Nilitoka nje nikacheka gerejini, kati ya viti, halafu nikarudi.

Niliporudi Urbanus alikuwa kwenye simu na Pasta Ishmael, sauti imefunguliwa tusikie wote, akimuuliza Maandiko yanasemaje juu ya mtu aliyelipa mara mbili. Mtu amepoteza elfu arobaini za uzee wake na anadai zile mia moja thelathini na tano za kila mwezi alizompa Mungu. Pasta alikohoa, akasema sadaka hairudi, ikishatoka mkononi imeshakuwa mbegu, na Bwana ataiangalia nia. Akasema pia kwamba ataombea soko. Urbanus akashukuru. Akakata simu, akakaa, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza macho yake yalikwenda kwenye mlango wa friji.

Rhoda alikuwa ameshasimama. Alikwenda kwa mguu wake ule mbaya, akaondoa sumaku ya nanasi, akachukua fomu. Hakuichana. Aliikunja mara mbili, akaiweka mfukoni mwa blauzi ya kijani, nyuma ya kibandiko cha jina lake.

"Baba Calvin," alimwambia mumewe, "nimengoja ng'ombe wako anenepe ndipo nikae chini. Kumbe huyo ndiye anakatwa mapaja. Yangu haingii huko. Na mwezi wa kumi na mbili nikifika sitini nakaa chini, Mfuko ulipe, usilipe."

"Na kodi ya nyumba?"

"Utalipa wewe. Una magoti mawili mazima."

Hakupandisha sauti. Miaka tisa sijawahi kumsikia Rhoda akipandisha sauti, hata kwa yule bibi wa Kigiriki. Jerotich alikusanya karatasi zake kwa haraka ya mtu aliyekumbuka jiko limewaka, nami nikamsindikiza mpaka kwenye gari.

Wiki zilizofuata hatukusikia ushuhuda. Darasa la Alhamisi lilifungwa bila maelezo. Urbanus aliuza Mfuko kwa ushauri wa Jerotich, nami nikauza wangu kimyakimya kama nilivyonunua, nikatoka na elfu nne na kitu na adabu kidogo. Yeye pesa yake aliiweka mahali pa kawaida panapolipa kidogo na pasipotoa ushuhuda wowote. Lakini juu ya kodi ya nyumba alinyamaza, kama mtu anayetumaini kwamba jambo likinyamaziwa litajiondokea.

Tarehe tisa Desemba Rhoda alitimiza sitini. Asubuhi ileile alimpelekea meneja wetu, Cheryl, barua ya kuacha kazi. Cheryl alileta keki, akalia kidogo, kisha akaja kwenye hoja: kuna aina mpya ya Korona inakuja, watu wanaugua, hana wafanyakazi, tafadhali Rhoda abaki mpaka Machi. Rhoda alikula keki. Akajibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba yeye hawezi, lakini ana mtu. Mtu mzuri, mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano ya kusafisha, hana majukumu yoyote kwa sasa.

Nilipompeleka nyumbani siku hiyo nilikuta ameshaanza. Fomu ya maombi ya kazi ilikuwa mezani, imejazwa yote, kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa. Jina, tarehe ya kuzaliwa, chanjo zote mbili. Ilibaki sahihi. Akaibandika kwenye friji chini ya nanasi.

Ilikaa pale siku nne. Urbanus alikunywa chai ya rangi siku nne nzima ili asifungue friji. Ya tano Rhoda akaniandikia ujumbe wa neno moja: Ametia.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumfundisha kuvaa gauni na kioo cha uso, Januari, wakati nusu ya wafanyakazi walikuwa wagonjwa na joto la nje digrii thelathini na nane. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kumtania, nimeyapanga kabisa. Siku ya tatu, kwenye saa ya tisa ya shifti, nilimkuta ameegemea ukuta wa korido na fagio la maji, miguu imevimba juu ya viatu.

"Shemeji," alisema, "Rhoda alikuwa anafanya hivi kila siku?"

"Wewe unasafisha tu," nilimwambia. "Yeye alikuwa anabeba. Miaka kumi na minne."

Ndani ya kile kioo huwezi kufuta machozi, yanashuka yenyewe hadi kwenye barakoa, na mtu anabaki nayo hivyo mpaka mwisho wa shifti. Nilimhurumia, nakiri, na nilikasirika kwamba ninamhurumia. Nikamgeuzia ile ndoo, nikamwambia kaa dakika tano, mimi nitaangalia Cheryl asije.

Februari kanisa lilipata ukumbi mpya, wenye stoo, na Jumamosi moja Pasta Ishmael akaja na lori la kukodi na vijana wanne kuchukua viti. Nilikuwa pale, nimepeleka ndizi. Vijana walipakia, Pasta akahesabu, akahesabu tena. Mia moja tisini na nane. Akazunguka nyumba, akakuta viwili vilivyobaki kwenye baraza. Rhoda alikuwa amekaa kimoja na goti lake limepumzika juu ya kingine, bakuli la njugu mapajani. Hakuinuka kumsalimia. Alimpa mkono akiwa amekaa, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya kwa mchungaji.

Pasta aliuliza habari za goti. Akasifia njugu. Kisha akasema, kwa sauti ile ya mimbari, kwamba viti vile, mama, kama unavyojua, ni mali ya Bwana, na ingefaa viende pamoja na vingine.

"Fungu la kumi lililipwa mara mbili, Pasta," Rhoda alisema. "Hivi viwili ni chenji yangu."

Pasta Ishmael alitazama viti, akalitazama goti, akanitazama mimi, nami nikatazama ndizi zangu. Akaenda kuwaambia vijana wafunge lori.

Walipokuwa wanaondoka Urbanus alitokea kwenye kona akitoka kituo cha basi, blauzi ya kijani imemlowa mgongoni, akitembea kwa kuhesabu hatua. Gereji ilikuwa wazi na tupu, na kwenye baraza hapakuwa na kiti cha tatu. Alimsalimia mkewe, akauliza goti limeshindaje, akaketi sakafuni kando ya mguu wake ulionyooshwa, akaanza kuvua viatu. Rhoda akamsogezea bakuli la njugu.